Hizo Nyingine Alizitoa Wapi?

Mhamasishaji alitoa noti za elfu moja mfukoni, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa sauti mpaka zikafika 7. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa vijana, na wengi walisimama nyuma karibu na mlango kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha. Akauliza ni nani aliye tayari kuanza maisha na noti 7. Kisha akasimulia habari za Dwayne Johnson, yule ambaye sisi tuliokulia Moshi tulimfahamu kwa jina la Roki, kwenye mabanda ya video ya Majengo, kabla hatujajua kwamba ana jina jingine. Alisimulia jinsi mpiganaji huyo wa mieleka alivyobaki na dola 7 mfukoni, akaamini, akapambana, akawa tajiri mkubwa.

Vijana walipiga makofi. Nami nilipiga.

Pembeni yangu alikaa Elia, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekuwa ameshuka mlima Kilimanjaro siku 2 kabla. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi ya juu, na kila alipotaka kugeuza shingo aligeuka na mabega yake yote, kwa sababu misuli ilikuwa bado imekaza. Hakupiga makofi. Alizitazama zile noti kwa muda mrefu, kisha akaniinamia na kuniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kukinunua:

"Dada, hizo nyingine alizitoa wapi?"

Nilimwambia tutaongea tukitoka. Tulipotoka mvua ilikuwa inanyesha, kila mtu akakimbilia usafiri wake, na hatukuongea.

Swali hilo halijaniacha tangu siku ile. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya maduka 2 ya vifaa vya ujenzi hapa mjini, na mtunza hesabu akiulizwa fedha zilitoka wapi hawezi kujibu kwamba zilitoka kwenye imani. Lazima kuwe na stakabadhi. Kwa wiki 6 nimesoma habari za mtu huyu usiku, watoto wakishalala, nikiandika tarehe na kiasi kwenye daftari, kana kwamba nimekabidhiwa hesabu za duka ambalo mwenyewe amesafiri na natakiwa kuzifunga.

Pochi ya baba

Habari ya dola 7 ni ya kweli. Ilikuwa mwaka 1995, Johnson akiwa na umri wa miaka 23, baada ya timu ya futiboli ya Kanada (si soka), Calgary Stampeders, kumwondoa kikosini. Baba yake alimpokea Miami kwa pikapu, na wakiwa njiani kuelekea Tampa kijana akafungua pochi yake, akakuta noti ya dola 5, noti ya dola 1 na sarafu kadhaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeikamilisha hesabu ikawa 7.

Kilichonisumbua ni kwamba mhamasishaji aliishia kwenye pochi ya mtoto, wala hakuitazama pochi ya baba aliyekuwa ameshika usukani.

Baba huyo, Rocky Johnson, naye alikuwa mpiganaji wa mieleka, tena si wa kawaida. Mwaka 1983 yeye na Tony Atlas walitwaa mkanda wa ubingwa wa wapiganaji wawili wawili wa kampuni ya mieleka ya WWF, wakawa watu weusi wa kwanza kuushika pamoja. Babu upande wa mama, Peter Maivia, Msamoa, alikuwa mpiganaji mashuhuri pia. Basi kama utajiri ungekuwa unatokana na jasho, na maumivu, na kusafiri usiku kutoka mji hadi mji, na kuangushwa juu ya mbao mbele ya watu elfu kadhaa, familia ile ingekuwa tajiri kabla Dwayne hajaota ndevu.

Haikuwa tajiri. Miaka michache baada ya mkanda ule, Dwayne akiwa na umri wa miaka 14, yeye na mama yake walirudi nyumbani kwao Honolulu wakakuta mlango umefungwa kwa kufuli na karatasi ya kuwatoa imebandikwa. Kodi ilikuwa imewashinda.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, kwa maana niliona tumekuwa tukisimuliwa hadithi kuanzia katikati. Tunaambiwa mtoto alishinda umaskini kwa sababu alijituma, lakini baba naye alijituma, kwa kazi ile ile, kwenye ulingo ule ule, akiwa na mwili uliofanana na wa mwanawe, na kufuli likawekwa. Tofauti ya hawa wawili haiwezi kuwa jasho. Mwenye kutaka kujua fedha zilitoka wapi hana budi kutafuta kile ambacho mtoto alikuwa nacho na baba hakuwa nacho.

Mwili ndio mtaji

Ili nielewe kazi ya mieleka ya kulipwa ilinibidi nipitie kwanza kazi ninayoijua, ambayo ni ya Elia.

Elia ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Msomaji wa Moshi hahitaji kuelezwa zaidi, ila ataniruhusu nitaje mambo mawili. La kwanza ni mizani ya getini, pale ambapo kila mzigo hupimwa usizidi kilo 20, na ambapo kijana husimama foleni kwa wasiwasi mkubwa kuliko ule wa kupanda, kwa kuwa wagumu wakiwa wengi kuliko mizigo kuna atakayerudi nyumbani. La pili ni kwamba halipwi kwa mwezi. Hulipwa kwa siku alizokaa mlimani, na tipu ikigawanywa anapata chake, na akiumwa goti msimu ukiwa umechanganya, goti ni lake na msimu ni wa wengine.

Wapiganaji wa mieleka wa Marekani, kwa kila nilichosoma, wanaishi maisha yanayofanana na hayo kuliko nilivyotarajia. Kampuni iliyokuwa ikiitwa WWF, na ambayo leo ni WWE, haiwahesabu kuwa waajiriwa wake. Kwenye karatasi kila mmoja ni mtu anayejitegemea aliyeingia mkataba wa kufanya kazi fulani, ingawa kampuni ndiyo inayompangia lini apigane, na nani, na nani ashinde. Kwa sababu hiyo bima ya afya hujitafutia mwenyewe, na kwa miaka mingi hoteli na gari la kukodi barabarani vilikuwa vikitoka mfukoni mwake. Chama cha wafanyakazi hawana.

Walijaribu. Mwaka 1986 Jesse Ventura aliwashawishi wenzake vyumbani mwa kubadilishia nguo waanzishe chama, na jambo hilo likafa kabla halijazaliwa. Ventura amesimulia kwamba miaka kadhaa baadaye, katika kesi aliyoifungua dhidi ya kampuni, ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza, kwenye ushahidi wa mwenye kampuni Vince McMahon, kwamba aliyepeleka habari kwa bosi alikuwa Hulk Hogan, nyota aliyekuwa akilipwa kuliko wote.

Kesi yenyewe ndiyo iliyonifumbua macho. Ventura, ambaye baada ya kuacha kupigana alikuwa mtangazaji wa mapambano, hakudai mshahara. Alidai mrabaha, yaani fungu la mauzo, wa kanda za video zilizouzwa zikiwa na sauti yake, baada ya kupewa maelezo kuhusu nani hulipwa mrabaha na nani halipwi, maelezo ambayo hayakuwa ya kweli. Mwaka 1994 alishinda, akapewa zaidi ya dola 800,000. Fikiria kanda zile zile tulizozitazama Majengo kwa shilingi 50, tumebanana kwenye mabenchi, jasho likitutoka: kila nakala ilikuwa na fedha ndani yake, na mahali fulani watu walikuwa wanagombania fedha hizo ni za nani.

Kuanzia hapo nikaanza kuona kwamba vita vikubwa vya mieleka havikupiganwa ulingoni. Neno Hulk lilikuwa mali ya Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, na kwa miaka mingi Marvel ilikuwa na haki ya kulipwa kwa sababu tu Hogan alipanda ulingoni akiitwa hivyo. James Hellwig, aliyejulikana kama Ultimate Warrior, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1993 alibadilisha jina lake kisheria akawa Warrior, ili mtu yeyote asije akamwambia kwamba jina analoitwa si lake. Nilipokuwa mtoto ningeliona jambo hilo kuwa wazimu wa mpiganaji aliyepaka uso rangi.

Sasa sioni hivyo.

Anajiona anapita

Kuna jambo ambalo Elia alikuwa amelitaja kwangu mara moja tu, mwaka jana, tukiwa tunamenya ndizi nyumbani kwa mama mdogo, na mimi sikulipa uzito.

Kampuni moja aliyoibebea mizigo misimu 3 imebandika picha yake kwenye mlango wa Land Cruiser. Picha ilipigwa kambini Barafu na mgeni au na mtu wa kampuni, hakumbuki. Begi liko kichwani, mkono mmoja juu, meno yote nje, na nyuma yake theluji. Ni picha nzuri sana. Chini yake wameandika kwa Kiingereza maneno yanayomwita Batista wetu, kwa kuwa ndivyo wagumu wenzake wanavyomwita, kwa jina la mpiganaji wa mieleka, kutokana na mabega yake, na wageni walilipenda jina hilo.

Siku moja alikuwa amesimama kituoni akisubiri daladala ya kwenda Pasua, hana safari kwa wiki ya tatu, akaliona gari lile likipita taratibu na uso wake ukicheka mlangoni.

"Nilijiona napita, dada," aliniambia, akaendelea kumenya ndizi.

Sikumuuliza alijisikiaje. Wiki hizi 6 nimejilaumu kwa hilo, maana nadhani swali aliloniuliza ukumbini lilianza siku ile kituoni, si mbele ya zile noti 7.

Jina lililozomewa

Dwayne Johnson aliingia WWF mwezi Novemba 1996, katika ukumbi wa Madison Square Garden, akiitwa Rocky Maivia. Jina lile lilishonwa kutoka kwa baba na babu, na kampuni ilimtaka acheke na kupungia watu mkono. Watu hawakumpenda. Katika miezi iliyofuata kumbi nzima zilimzomea, zikiimba kwamba Rocky afe. Yeye mwenyewe amelisimulia hilo mara nyingi, na ninaamini lilimuuma, kwa sababu jina lililokuwa likizomewa lilikuwa la wazee wake.

Mwaka 1997 alirudi kutoka kwenye majeraha akageuzwa kuwa mtu mbaya, akapewa kipaza sauti, akaacha kucheka. Akaanza kujiita The Rock, na kujisema kama mtu wa tatu, kana kwamba The Rock amesimama pembeni na Dwayne anamtolea taarifa. Sisi watoto tuliiga alivyoinua nyusi bila kuelewa neno hata moja. Mwezi Novemba 1998 alitwaa mkanda mkubwa, na kufikia mwaka 2000 hapakuwa na kibanda cha video nilichokijua kisichokuwa na picha yake imechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa mbele.

The Rock huyo, ambaye Johnson alimtengeneza kwa sauti yake, nyusi zake na kinywa chake mwenyewe, hakuwa wake. Jina la The Rock liliandikishwa kuwa alama ya biashara ya kampuni.

Hata alipoingia kwenye filamu, kampuni iliingia naye. Kwa The Scorpion King ya mwaka 2002 alilipwa dola milioni 5.5, kiasi ambacho kiliingizwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa mwigizaji anayeongoza filamu kwa mara ya kwanza, na kwa hakika zilikuwa fedha nyingi. Lakini ukiitazama orodha ya watayarishaji wakuu wa filamu ile, jina la Vince McMahon limo, na limo tena katika filamu 2 zilizofuata za 2003 na 2004. Kila palipokuwa na The Rock, mwenye The Rock alikuwa na kiti mezani.

Alichofanya baadaye kilionekana kidogo tu machoni pa watazamaji. Mkataba wake na kampuni ulipokwisha mwaka 2004 aliondoka, na taratibu akaanza kuandikwa kwenye filamu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Nakumbuka watu wa rika langu wakilalamika kwamba ameukana ulingo, kwamba ametusahau sisi tuliomfanya awe mkubwa. Nami nililalamika hivyo. Sasa naona kwamba Dwayne Johnson lilikuwa jina pekee alilokuwa nalo ambalo hakuhitaji kuliombea ruhusa.

Upande wa mali

Katika kitabu cha hesabu mapato na mali huandikwa mahali tofauti, na wenye maduka wengi ninaowafanyia kazi huzichanganya mpaka siku biashara inapoyumba. Mapato ni kile kilichoingia kwa sababu leo umefungua duka. Mali ni kile kitakachokuwepo hata ukiumwa.

Mapato ya Johnson yanajulikana. Jarida la Forbes lilimtaja kuwa mwigizaji aliyelipwa zaidi duniani mwaka 2016 kwa dola milioni 64.5, likamtaja tena mwaka 2019 kwa dola milioni 89.4. Hizo ndizo namba zinazosomwa kwenye semina. Ila ni malipo ya mwili, ingawa ni makubwa mno: akivunjika goti zinasimama, kama za Elia.

Upande wa mali ndipo nilipokaa usiku mwingi, na mtu niliyemkuta huko ni mwanamke. Dany Garcia alikutana na Johnson wakiwa Chuo Kikuu cha Miami, wakaoana mwaka 1997, wakaachana mwaka 2008. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye taasisi ya fedha ya Merrill Lynch, na kazi yake ilikuwa kusimamia mali za watu. Ndoa ilipokwisha, badala ya kila mmoja kushika njia yake, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi zote za mume aliyeachana naye. Katika semina yetu jina lake halikutajwa hata mara moja, na nasema kwa moyo wote kwamba kuacha kumtaja ni kuwadanganya vijana, kwa sababu ukifuata tarehe utaona kwamba tangu aliposhika usukani aina ya mikataba ilibadilika.

Mwaka 2012 wawili hao walianzisha kampuni ya kutengeneza filamu wakaiita Seven Bucks, yaani zile dola 7. Yule aliyekuwa akilipwa kuigiza sasa akawa pia miongoni mwa wenye filamu. Hata umaskini wake aliuandikisha. Habari ya pochi tupu, ambayo wengine tungeificha au tungeitoa bure kwa kila aliyeuliza, ikawa jina la biashara. Mwaka 2016 alianza kutoa bidhaa za mazoezi pamoja na kampuni ya Under Armour, na mwaka 2020 akaingiza sokoni tekila yake, Teremana, inayotengenezwa Jalisco nchini Meksiko, akiwa mmoja wa waanzilishi na si sura ya kwenye bango. Kwamba sehemu ya mali ile ni pombe kali sikulipenda, na sitajifanya kulipenda, kwa kuwa nimeona pombe kali ilivyofanya katika nyumba za migombani huku kwetu. Lakini daftari haliulizi ninachokipenda.

Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2020, yeye, Garcia na kampuni ya uwekezaji ya RedBird walinunua ligi ya futiboli ya XFL kwa takriban dola milioni 15. Ligi hiyo ilikuwa ya Vince McMahon, na ilikuwa imefilisika kwa sababu ya korona. Nililisoma hilo mara mbili. Mtu aliyeondolewa kwenye timu ya futiboli akiwa na dola 7 alinunua ligi nzima ya mchezo huo, tena kutoka kwa bosi aliyekuwa na jina lake. Hata hivyo biashara hiyo haikuwa nyepesi. Baada ya msimu mmoja tu, ule wa 2023, iliunganishwa na ligi nyingine ili iweze kuendelea. Kumiliki hakumaanishi kwamba kila kitu kitazaa, na sitaki kijana yeyote aondoke hapa akidhani nimesema hivyo.

Tarehe 23 Januari 2024

Siku hiyo TKO, kampuni inayomiliki WWE, ilitangaza kwamba Dwayne Johnson ameingia kwenye bodi yake ya wakurugenzi. Angepewa hisa zenye thamani ya dola milioni 30, zilizopangwa kumfikia kwa awamu. Na pamoja na hisa hizo kulikuwa na jambo ambalo vyombo vingi vililiweka chini kabisa ya habari: jina The Rock, pamoja na majina ya utani na misemo yake iliyokuwa imeandikishwa, vilihamishiwa kwake kikamilifu.

Zaidi ya miaka 26 tangu lilipoanza kuzomewa na kushangiliwa, jina likawa lake.

Sijui kama ninaweza kueleza kwa nini niliposoma hapo nilihisi koo limekaza. Labda ni kwa sababu baba yake, aliyefariki mwezi Januari 2020, hakuiona siku hiyo. Labda ni kwa sababu niliikumbuka ile picha ya mlangoni.

Mahali ninapokwama

Nilidhani nikifika hapo nitakuwa nimepata jibu la kumpelekea Elia, nimwambie kwamba hizo nyingine zilitoka kwenye umiliki, basi. Lakini kila nikijaribu kuliandika jibu hilo linanishinda, kwa sababu mbili.

Kwanza, Johnson alipewa jina lake siku ambayo kampuni ilimhitaji kuliko yeye alivyoihitaji. Siku hiyo hiyo ilitangazwa kwamba kipindi cha mieleka cha Raw, cha WWE, kinahamia Netflix kwa mkataba wa miaka 10 unaozidi dola bilioni 5, na mtu mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka kwenye ulingo ule alikuwa na thamani ya pekee kwao. Wapiganaji mia kadhaa waliopita pale hawakuwahi kufika kwenye meza ya namna hiyo. Hata Johnson mwenyewe, mwaka 1996, asingeweza kukataa kusaini. Mgumu mmoja akikataa karatasi getini Machame, nyuma yake wapo vijana 40 wenye mabega.

Pili, njia aliyoijaribu Ventura mwaka 1986, ya watu wote kusimama pamoja, ndiyo ambayo ingemsaidia yule asiye nyota, na ndiyo iliyozimwa. Njia ya The Rock ilifanikiwa kwa mtu mmoja. Sisi tunaisimulia ya mmoja kwa sababu inapendeza jukwaani, na naogopa kwamba nami, kwa makala haya, nimepanga noti 7 nyingine mezani, safari hii nikiziita mikataba.

Ila kuna kitu kidogo ambacho sikiachilii. Baba na mtoto walitofautiana pia katika jambo ambalo halikuhitaji umaarufu: mtoto alikuwa na mtu wake wa kusoma karatasi pamoja naye. Hilo haligharimu dola milioni 30. Linahitaji mtu anayejua kusoma karatasi na anayekupenda.

Mstari wa 9

Jumapili iliyopita nilimwita Elia nyumbani, nikamwomba aniletee karatasi aliyosaini kwenye kampuni ile ya picha. Hakuwa nayo. Alikuwa ameisaini juu ya boneti ya gari, asubuhi, huku mizigo ikipakuliwa, na nakala hakupewa. Lakini mwenzake aliwahi kuipiga picha kwa simu, na tukaipata.

Kurasa 2, Kiingereza kitupu. Mstari wa 9 unasema kwamba picha na video za aliyesaini zinaweza kutumiwa na kampuni kwa matangazo, wakati wowote, bila malipo.

Alikuwa ameruhusu mwenyewe. Nilimtafsiria polepole, na alinyamaza kwa muda, akiukunja na kuukunjua mkanda wa saa yake. Nilimweleza kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwamba sura ya mtu haichezewi hovyo, na kwamba ridhaa ya boneti yaweza kuulizwa maswali, lakini pia kwamba kuuliza maswali hayo kunahitaji muda na nauli, na pengine kukosa safari za msimu mzima. Akaniuliza kuhusu jina.

"Batista je? Hapa halijaandikwa."

Halikuandikwa, ni kweli. Lakini nalo lina mwenyewe. Nikamwonyesha kwamba hata yule Batista wa ulingoni, jina lake hasa ni Bautista, lenye herufi u katikati, na kwamba alipokwenda kwenye filamu alilirudia hilo la kwao. Elia alilisoma kwa sauti mara mbili, Bautista, kisha akasema jina lake kamili, la kwake na la baba yake na la ukoo, kama mtu anayejibu mahudhurio darasani.

Jumanne asubuhi nilikuwa kaunta, nakagua ankara za saruji, simu ikalia. Alikuwa getini na kampuni nyingine, safari ya siku 6, na alikuwa amepiga picha karatasi yao kabla ya kuisaini. Nikamwachia kijana wa dukani wateja, nikaisoma nimesimama. Ilikuwa na mstari kama ule ule, ila hapa ulikuwa wa 7. Nikamwandikia kwamba aombe kuukata kwa kalamu, aweke saini ndogo pembeni, na asiondoke bila nakala.

Akajibu: "Wakikataa?"

Nilijua kodi ya chumba chake inaisha mwisho wa mwezi. Nilianza kuandika jibu, nikalifuta, nikaanza tena. Kabla sijamaliza ukaingia ujumbe wake mwingine, kwamba foleni ya mizani imemfikia na simu anaizima kutunza chaji, tutaongea akishuka Mweka Jumapili.